OILI INAYOVUJA KATIKA GIABOKSI YA LORI LA MAZAO

Hotuba ya Bwana Shamba kwa wakulima wa mboga wa milima ya Usambara



Mmezoea kunisikia nikisema juu ya mbegu, samadi, mifereji na dawa za kunyunyizia. Leo nataka kusema nanyi juu ya kitu kisichoota shambani, lakini kinachoweza kuharibu kazi ya shamba zima kwa siku moja. Nataka kusema juu ya lori linalobeba mazao yenu, na hasa juu ya oili inayodondoka chini ya giaboksi yake.

Huenda mmoja wenu akauliza, “Bwana Shamba, je, hiyo si kazi ya fundi?” Ni kweli, nyingine ni kazi ya fundi, nami nitawaonyesha ni ipi. Walakini kilimo hakiishi siku ya kuchuma. Kilimo huisha siku mazao yanapofika sokoni yakiwa mazima, na mkulima anaporudi nyumbani na fedha yake. Nyanya iliyoiva haimngojei fundi.

HABARI YA NYANYA ZILIZOLALA NJIANI

Msimu mmoja nilikuwa nikizuru mashamba ya bondeni. Wakulima watano walikuwa wamekodi lori moja kupeleka nyanya zao Dar es Salaam. Walipokuwa wakipakia matenga, mzee mmoja aliinama akaona oili mbichi chini, kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Akamwita dereva akamwonyesha.

Dereva akacheka, akasema, “Usihofu, mzee wangu, hilo ni jasho la gari tu. Kila Jumatatu naongeza oili kidogo.”

Mzee akajibu, “Mwanangu, ng'ombe anayetoka damu humpi maji ya kunywa tu ukamwacha. Humtazama jeraha.”

Lakini jua lilikuwa linakuchwa na soko lilikuwa likingoja, basi wakaondoka. Kabla ya kufika Lushoto mjini, kwenye kilima kirefu, injini ikanguruma sana lakini lori halikwenda mbele. Oili ilikuwa imeingia katika klachi, nayo ikawa inateleza. Lori likalala pale usiku ule na siku ya pili yake. Fundi alipokwisha kazi, nyanya za chini zilikuwa zimepondeka na za juu zimelainika. Mwenye lori alilipia klachi mpya, na wakulima wakalipia nyanya zao zilizooza. Yule mzee hakusema neno, alikuwa akichagua tu zile zilizobaki nzima.

Nasema walikuwa na bahati, maana lori lilikwamia kwenye mwinuko. Mnaijua barabara itokayo Lushoto kupita Soni mpaka Mombo. Hushuka kiasi cha mita 1,000 katika mwendo wa kilomita zaidi ya 30, na kona zake mnazijua. Lori lenye mzigo linaposhuka pale linazuiwa na gia pamoja na breki. Klachi ikiteleza, au gia ikiruka yenyewe, injini haizuii tena, na mzigo wote unabaki juu ya breki peke yake. Ndiyo sababu nasema neno hili si la nyanya tu, bali ni la roho za watu.

KAZI YA OILI NDANI YA GIABOKSI

Katika giaboksi nyingi za malori madogo hakuna pampu ya oili. Meno ya chini huzama ndani ya oili, na yanapozunguka huirusha juu ili ifike kwenye meno mengine na kwenye beringi. Oili hiyo hulainisha, tena huchukua moto unaotokana na msuguano.

Oili ikipungua, sehemu za juu hukosa kwanza. Ndipo utasikia mlio mwembamba, gia zitakuwa nzito kuingia, na nyingine zitaruka zenyewe. Ukiendelea hivyo, beringi zitaungua na mwisho vyuma vitakamatana. Na ujue kwamba ile taa ya oili iliyo mbele ya dereva ni ya injini. Haikuambii habari za giaboksi. Usipoinama kutazama, hutajua.

Labda utasema, “Tone moja si kitu.” Tufanye hesabu. Tuseme matone 20 hujaza mililita 1, na lori linadondosha tone 1 kila sekunde 10. Kwa siku nzima yatakuwa matone 8,640, ambayo ni karibu nusu lita. Giaboksi ikiwa inachukua lita 4, basi baada ya siku 5 itakuwa imebaki na chini ya nusu yake. Na lori linapokwenda na oili ikapata moto, mara nyingi huvuja upesi zaidi kuliko lilipokuwa limesimama.

KWANZA, TAMBUA NI OILI GANI

Lisimamishe lori mahali pa sawa usiku, utandike karatasi ngumu au gunia safi chini yake. Asubuhi tazama lilipodondoka tone, uliguse na kulinusa.

Oili ya giaboksi ni nzito, nayo ina harufu kali kama ya kiberiti. Oili ya injini ya dizeli iliyotumika ni nyeusi sana na nyepesi kuliko hiyo. Mafuta ya breki na ya klachi ni mepesi kama maji, nayo hubabua rangi ya gari. Kama ni mafuta ya breki, lori hilo lisiende popote mpaka litengenezwe.

PILI, TAFUTA INAPOANZIA

Hapa ndipo wengi hukosea. Upepo wa mwendo huisukuma oili nyuma, na uzito wake huivuta chini. Kwa hiyo mahali inapodondokea sipo inapotokea. Mtu huona nati ya chini imelowa, akaikaza kwa nguvu zake zote mpaka hesi zinakatika, kumbe oili inatoka juu kwenye kifuniko.

Basi fanya hivi. Osha giaboksi yote kwa brashi na mafuta ya taa, ukiondoa matope na vumbi, lakini usiwe na moto wala sigara karibu. Ikaushe kwa kitambaa. Ikisha kukauka, ipake unga wa chaki au wa muhogo mahali unapopashuku. Endesha lori kilomita chache, kisha uzime injini, uingie chini kutazama. Unga uliolowa utakuonyesha njia ya oili. Ifuate njia hiyo kwenda juu na mbele mpaka mahali palipolowa kwanza. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Kabla ya kuingia chini ya lori, weka kabari nene mbele na nyuma ya matairi. Ukiliinua, lishikilie kwa stendi za chuma. Usiingie chini ya lori linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

TATU, ANZA NA MAMBO RAHISI

1. Tundu la kupumulia. Juu ya giaboksi kuna kitundu chenye kifuniko kidogo au mpira. Oili ikipata moto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutokea hapo. Njia zetu zina vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, na kitundu hiki huziba. Hapo hewa hukosa njia, ikaisukuma oili ipite kwenye mipira. Wengi wamenunua mpira mpya bure, hali dawa ilikuwa kuzibua kitundu kwa waya mwembamba na mafuta ya taa. Zuia uchafu usiingie ndani.

2. Kiasi cha oili. Oili ikizidi huvuja pia. Ubavuni mwa giaboksi pana bolti ya kujazia. Lori likiwa mahali pa sawa, injini imezimwa na oili imetulia, ifungue bolti hiyo. Kwa giaboksi nyingi, oili yapasa kufika kwenye ukingo wa chini wa tundu. Ikimwagika, iache itoke mpaka ikome yenyewe. Kama huigusi kwa ncha ya kidole, imepungua.

3. Bolti ya kujazia na ya kutolea. Tazama washa zake. Washa iliyobonyea au kupasuka ibadilishe, haina bei kubwa. Safisha hesi, kisha kaza kwa kiasi. Nyumba za giaboksi nyingi ni za aluminiamu, ambayo ni laini. Ukikaza kupita kiasi utaharibu hesi, na hasara itakuwa kubwa kuliko kule kuvuja.

4. Vifuniko. Kama oili inatoka kwenye maungio ya kifuniko, kaza bolti zake kidogo kidogo, ukienda upande huu na upande wa pili. Isipokoma, fungua kifuniko, kwangua gasketi ya zamani pasipo kuchora chuma, weka mpya. Kama ni ya gundi, paka nyembamba tu. Gundi inayozidi hukatika ikaanguka ndani ya oili.

5. Ufa. Lori lililogongwa na jiwe huweza kupata ufa katika nyumba ya giaboksi. Hili ni la fundi wa kuchomelea anayeijua aluminiamu, au ni la kutafuta nyumba nyingine. Sabuni na gundi za njiani hazitadumu katika moto na mtikisiko.

NNE, OILSILI YA NYUMA

Mahali shafti inapotoka nyuma ya giaboksi ili kushikana na propela, kuna pete ya mpira yenye chuma, nayo mafundi huiita oilsili. Mdomo wake laini huishika shafti inayozunguka ili oili isipite. Mdomo huo ukiisha au ukikauka, oili hutoka na kurushwa pande zote.

Hapa pana hatari mbili. Ya kwanza, katika malori mengi madogo breki ya mkono imefungwa papo hapo, nyuma ya giaboksi. Oili ikiingia ndani yake, breki hiyo haitashika lori mlimani. Ya pili, breki ya namna hiyo huyazuia matairi kwa njia ya propela. Ukiifungua propela, breki ya mkono haifanyi kazi tena hata kama umeivuta mpaka mwisho, na lori laweza kukuendea juu. Kwa hiyo kazi hii ifanyike mahali pa sawa kabisa, lori likiwa tupu, na kabari zimewekwa kabla ya kugusa bolti ya kwanza.

Anayeijua kazi, au fundi mbele ya macho yako, afuate utaratibu huu:

Mwaga oili ikiwa na uvuguvugu, isiwe ya moto. Kabla ya kufungua bolti ya kutolea, fungua kwanza ile ya kujazia. Kuna watu waliomwaga oili yote kisha wakaona bolti ya kujazia imeshika kutu haifunguki, na lori likabaki tupu halina pa kutilia.

Tia alama kwenye flenji ya giaboksi na ya propela, ili zirudi vilevile zilivyokuwa. Zikigeuzwa, lori laweza kutetemeka. Fungua bolti, uifunge propela juu kwa waya, isining'inie.

Kabla ya kuendelea, ishike flenji kwa mkono uitikise juu na chini. Kama inacheza sana, beringi imekwisha. Ukitia oilsili mpya juu ya beringi mbovu, itavuja tena baada ya siku chache.

Fungua nati ya katikati, toa flenji, kisha ing'oe oilsili ya zamani pasipo kuchora mahali inapokaa. Usiitupe. Ichukue dukani ulinganishe vipimo vilivyoandikwa juu yake: upana wa tundu, upana wa nje na unene. Usikubali “hii inakaribiana nayo”. Inayokaribiana itavuja.

Pitisha ukucha juu ya flenji pale mdomo wa oilsili unaposugua. Ukucha ukinasa katika mfereji, flenji imelika. Ibadilishe, au fundi aivishe pete nyembamba ya chuma.

Upande wa oilsili wenye springi ndogo uelekee ndani, kwenye oili. Paka oili mdomoni mwake, kwa sababu mpira unaoanza kazi mkavu huungua. Iingize kwa kugonga polepole kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo, iingie sawasawa pande zote. Ikiingia kwa upande mmoja, umeiharibu. Kisha rudisha flenji, kaza nati kama kitabu cha lori kinavyoagiza, uifunge isilegee. Safisha breki ya mkono. Kama vitambaa vyake vimelowa oili, vibadilishwe.

TANO, OILSILI YA MBELE

Kama oili inadondoka chini ya nyumba ya klachi, na ina harufu ya oili ya giaboksi, basi oilsili ya mbele imekwisha. Ikiwa ni nyeusi na ina harufu ya oili ya injini, ubaya umetoka nyuma ya injini. Katika yote mawili giaboksi ni lazima ishushwe. Ni mzigo mzito uliokwisha kuvunja watu vidole na mbavu. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye vyombo na wasaidizi.

Mwulize fundi huyo jambo moja: sahani ya klachi imelowa? Kama imelowa, inunuliwe mpya. Wako wanaoioshea petroli au kuichoma moto ili ikauke. Itashika siku mbili tatu, kisha oili iliyonywewa ndani itatoka tena, na wewe utakuwa kwenye kilima na matenga yako.

SITA, KUJAZA OILI MPYA

Tia oili iliyoandikwa katika kitabu cha lori, si ile jirani anayoitumia. Oili nyingi za giaboksi huandikwa namba kama 80W-90, na alama GL-4 au GL-5. Alama hizo mbili si kitu kimoja. Baadhi ya oili za GL-5 huweza kudhuru pete za shaba za manjano zilizomo ndani ya giaboksi iliyotengenezewa GL-4. Na ziko giaboksi zinazotumia oili ya injini. Soma kwanza, kisha ununue.

Jaza mpaka ukingo wa tundu, funga, endesha lori kidogo, kisha utazame tena. Tazama tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Kamwe usikubali unga wa mbao au grisi nzito itiwe ndani ili kunyamazisha mlio. Giaboksi itanyamaza leo, kesho itakufa.

OILI CHAFU NA SHAMBA LAKO

Sasa narudi katika kazi yangu mwenyewe. Oili unayoimwaga ipokee kwa karai, uitie katika dumu lenye kifuniko, uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Usiimwage kandokando ya shamba wala katika mfereji. Udongo ulioloweshwa na oili haunywi maji vizuri, na hewa haifikii mizizi. Maji yale yale ya mfereji yanakwenda kwa jirani yako wa chini, kwenye kabichi zake na kwenye ndoo ya mke wake. Tena usiitumie kuwa dawa ya wadudu wa mboga.

Lori linalovuja lisiingie shambani wala kwenye uwanja wa kupakilia. Na jambo hili nimeliona mara nyingi: matenga huwekwa chini ya lori ili yapate kivuli. Tone moja la oili juu ya tenga la nyanya huharibu nyanya hizo kwa harufu, na mnunuzi akiinusa atashusha bei ya tenga zima. Tengeneza kivuli cha matawi au turubai.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, usipakie kabla ya kuinama na kutazama chini ya lori, liwe lako au la kukodi.

Pili, kuongeza oili si kutengeneza. Tafuta inapotoka.

Tatu, osha, kausha, paka unga, kisha fuata njia ya oili kwenda juu na mbele.

Nne, anza na tundu la kupumulia, kiasi cha oili na washa, kabla ya kununua kitu cha ghali.

Tano, kabari kwanza, spana baadaye. Breki ya mkono isikudanganye.

Sita, klachi iliyolowa oili isiteremke mlima.

Ndugu zangu, najua ni vigumu kumwambia mwenye lori, “Hatupakii,” hali matenga yamejaa na jua linakuchwa. Ndiyo maana neno hilo lisemwe mapema. Msimu ukikaribia, wiki mbili kabla ya kuchuma, mwiteni dereva na lori lake. Liacheni lilale juu ya karatasi usiku mmoja. Wiki mbili hizo zatosha kupata oilsili, fundi na oili. Usiku wa kupakia hautoshi hata kwa washa moja.

Umeitunza nyanya tangu kitaluni, ukaiatika, ukaifunga kwenye mti na kuinyunyizia. Usiikabidhi kwa lori ambalo hukuinama kulitazama.